Tiki Kwenye Swali la Saba

Swali la saba niliandika mimi mwenyewe. Nililipigania kwenye kikao, nikasema bila hilo kamera itatudanganya, na walipokubali nikalichapa kwa herufi nene kuliko maswali mengine: "Umewahi kuchanjwa chale mguuni au kwenye kinena? Upande gani, na lini?" Kwa hiyo nisije nikajitetea kwamba sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Kazi yangu ni kamera. Niko kwenye hospitali moja mjini Shinyanga, katika mradi wa utafiti wa saratani ya ngozi inayoanzia unyayoni, ile ambayo watu wetu huiita mwiba, au jiwe, au kukanyaga kitu kibaya, mpaka siku inapopasuka. Mgonjwa huchomwa sindano kuzunguka kidonda chake. Ndani ya dawa ile kuna chembe za kioo ndogo mno, ndogo kiasi cha kupita katika vijia vya maji ya mwili vinavyotoka mguuni kwenda kwenye tezi za kinena. Chembe hizo zimebeba rangi. Ukizimulika kwa taa ambayo jicho haliioni, nazo hutoa mwanga ambao jicho haliuoni, ila kamera yangu inauona na kuuweka kwenye skrini. Daktari anafuata ile njia inayowaka hadi kwenye tezi ya kwanza. Kama saratani imetoka unyayoni, lazima imepita hapo. Tezi hiyo inatolewa na kupimwa. Ikiwa safi, mgonjwa anarudi nyumbani na nyingine zote. Ikiwa si safi, zinatolewa zote, na mguu unaweza kuvimba maisha yake yote kwa sababu maji hayana tena pa kupita.

Sasa, chale. Masizi ya dawa ya chale hayakai kwenye ngozi peke yake. Mwaka wetu wa kwanza, mama mmoja kutoka Samuye alipasuliwa, tezi ikatoka nyeusi tii. Saratani hii nayo ni nyeusi. Daktari tuliyekuwa naye wakati huo akazitoa zote, na majibu ya maabara yaliporudi yakasema ni masizi. Yalikuwa yamesafiri chini ya ngozi, yakajaa ndani ya tezi, na yakameza mwanga wa chembe zetu wote. Mama yule bado anakuja kliniki na mguu mmoja umefungwa khanga, kwa maana hakuna kiatu kinachouingia. Mimi ndiye ninayeupima unene kwa utepe. Swali la saba lilitoka kwenye mguu ule.

Na kwa kuwa watu huona haya kusema, tukaweka kisanduku kingine pembeni ya swali: "Ameangaliwa." Mtu akijibu hapana, anapelekwa nyuma ya pazia, anaangaliwa kwa macho, kisha kisanduku kinatiwa tiki. Wanawake nawaangalia mimi. Wanaume, muuguzi mwenzangu wa kiume.

Baba yangu alikuja kutoka Masumbwe siku ya Jumatatu, amevaa suti yake ya kanisani na ndala. Ndala kwa sababu kiatu kilikuwa kimekataa. Ujana wake wote aliuacha kwenye mashimo ya dhahabu, yale tunayoyaita maduara, na alipotoka huko akawa mkulima na mzee wa kanisa, mzee kwelikweli, wa kusimama Jumapili na kusoma majina ya waliotengwa kwenye meza ya Bwana. Wengi wao walitengwa kwa kosa moja, kwenda kwa waganga. Nimekaa kwenye benchi la mbele tangu utotoni nikimsikiliza akisoma majina hayo bila kukohoa.

Doa la unyayoni alikuwa nalo mwaka mzima. Alinieleza kwa simu kuwa ni changarawe ya duarani iliyobaki ndani. Nilimgombeza, nikamwambia changarawe haikui. Akauliza habari za mvua.

Kanuni ilitaka muuguzi wa kiume amjazie fomu. Nilimnyang'anya. Nikamwambia huyu ni wangu, nitamjaza mwenyewe, na nadhani nilitaka baba aone binti yake akishika kalamu na watu wakimpisha. Basi tukakaa, meza katikati yetu. Jina, umri, kijiji, magonjwa ya nyuma, dawa anazotumia, ajali. Alikuwa akijibu vizuri, mikono juu ya magoti, kama mtu anayetoa ushahidi.

Nikafika la saba. Kalamu ikasimama.

Kwetu mtoto wa kike hamuulizi baba yake habari za chini ya kiuno. Si kwamba kuna aliyekukataza kwa mdomo, ila hata maneno yenyewe hayakai vizuri kinywani. Kuna watu wa kupitia. Mama angekuwepo ningemtuma, lakini mama tulimzika miaka minne iliyopita. Shangazi alikuwa Masumbwe. Mjukuu angeweza, maana babu na mjukuu wana utani wao, lakini sina mtoto. Muuguzi alikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokaa, na kumwita kungekuwa kukiri kwamba kazi niliyoinyang'anya imenishinda. Halafu nikajipa sababu nzuri, maana mwoga hakosi sababu. Huyu ni msoma majina, nikajiambia. Huyu hata aspirini huiombea kwanza.

Nikatia tiki kwenye "Hapana." Nikatia tiki nyingine kwenye "Ameangaliwa."

"Umeruka moja," baba akasema. Alikuwa akihesabu.

"Hilo si lako, baba."

Alinitazama kidogo, kisha akatazama ukutani. Ukutani kulikuwa na karatasi niliyoibandika mwenyewe, imeandikwa Mficha maradhi kifo humuumbua.

"Haya," akasema.

Mchana ule nilimweleza habari za chembe, na hapo ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Aliuliza kama zimetengenezwa kwa dhahabu, maana amesikia hospitali za wazungu hutumia dhahabu. Nikamwambia hapana, hizi ni za kioo, na kioo ni mchanga tu uliopikwa. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Miaka yote ameosha mchanga kwenye karai ili autupe abaki na dhahabu, akasema, na leo anasafiri kutoka Masumbwe ili atiwe mchanga mwilini. Nilicheka naye. Nilikuwa nimeshasahau zile tiki, au nimejifanya nimesahau.

Siku ya upasuaji ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alichomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka hakusikia kitu, kuanzia kiunoni kupanda alikuwa macho kabisa, na kati ya nusu hizo mbili tulining'iniza shuka la kijani. Daktari wetu wa upasuaji ni mwanamke, Mhindi wa hapahapa Shinyanga, aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la baba yake, na Kisukuma chake ni cha sokoni, cha kubishana. Aliniuliza kama niko sawa kumfanyia kazi mzazi wangu. Nilisema hakuna mwingine anayeijua kamera, jambo ambalo ni kweli. Nikajiambia pia kwamba sitamwangalia baba, nitaangalia skrini.

Daktari alichoma zile chembe kuzunguka doa, akausugua unyayo, tukasubiri. Kisha akasema, "Zima taa."

Chumba kikawa kiza. Taa za upasuaji hazifai kwa kamera hii, lazima kila kitu kizimwe. Mzee wangu ni mwembamba, nyama hazikuuficha mwanga, na uzi mweupe ukatokeza kifundoni, ukapanda kwenye muundi, ukapita kando ya goti, ukaingia pajani. Nilikuwa nimeuona uzi ule kwa wagonjwa wengi na sikuwahi kushika pumzi. Siku ile niliishika. Uzi ukafika kwenye kinena, ukafifia, ukazimika.

"Ongeza," daktari akasema.

Nikaongeza nguvu ya kamera. Ukatanda ukungu hafifu wa mwanga, na ndani ya ukungu nikaona nukta nyeusi. Zilikuwa mistari miwili iliyonyooka, zimelingana nafasi, na mwili haujipangi hivyo wenyewe, ni lazima mkono wa mtu ulishika wembe. Kwa macho, chini ya ile dawa ya kahawia waliyompaka, hakuna ambaye angeziona.

Nitasema kama ilivyokuwa. Nilinyamaza. Nilirudisha nguvu ya kamera chini, nukta zikapotea.

Daktari alikuwa ameshaweka alama pale uzi ulipokomea. Taa ikawashwa, akapasua, akafika. Tezi ilikuwa nyeusi. Aliigeuza kwa ncha ya koleo.

"Imefika," akasema kwa sauti ya chini, ili upande wa pili wa shuka usisikie. Kisha akamuuliza muuguzi, "Fomu inasemaje kuhusu chale?"

Muuguzi akafunua. "Swali la saba, hapana. Ameangaliwa."

"Nani alijaza?"

"Dada hapa."

Daktari akanitupia jicho, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kama ni mimi, basi hakuna shaka. "Nitayarishie seti kubwa," akamwambia muuguzi. "Tunazitoa zote."

Muuguzi alianza kufungua seti. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye trei. Nilimfikiria mama wa Samuye na khanga yake. Nilimfikiria pia baba yangu akisimama Jumapili, akilisoma jina lake mwenyewe. Nilitaka mtu mwingine azione zile nukta. Nilitaka umeme ukatike. Siku nyingine zote umeme hukatika.

"Dokta," nikasema. "Sikumuuliza."

"Hukumuuliza nini?"

"La saba. Wala hakuangaliwa. Nilitia tiki tu. Ana chale, Dokta. Nimeziona kwenye skrini sasa hivi. Nilinyamaza."

Daktari alinitazama juu ya barakoa yake kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya Masumbwe. Nilitamani anitukane.

"Muulize sasa," akasema. "Nataka kujua lini, na kwa nini."

"Muulize wewe, Dokta."

"Mimi nimeshika kisu. Nenda."

Nikazunguka shuka. Baba alikuwa amelala akitazama dari, na macho yake yakanishukia taratibu. Sijui ni nini kilinipata. Tulikuwa tumeamkiana asubuhi ile ile, lakini nilipiga goti kando ya kichwa chake na kusema, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu, kama vile tumekutana njiani.

Nikamuuliza kwa Kisukuma, nikidhani namsitiri, nimesahau kabisa kwamba daktari anakijua. Nilimuuliza kama amechanjwa pale kinenani. Nilisikia uso unaniwaka hadi masikioni.

"Yaya," akasema. Hapana. Alilitamka kwa sauti ya kanisani.

"Baba, nimeziona. Mistari miwili."

Akafumba macho. Mashine ya mapigo ya moyo ikaenda mbio, muuguzi wa dawa ya usingizi akaigeukia, halafu ikatulia.

"Masika yaliyopita," akasema, bado macho yamefungwa. "Mguu ulitunga usaha, ukaniletea mtoki kinenani. Ukavimba, nikashindwa hata kupanda baiskeli. Nilikwenda Nyahanga, kule Kahama, ambako hakuna anayenifahamu. Nikaondoka Masumbwe kabla watu hawajaamka."

"Mtoki ukaondoka?"

"Uliondoka. Ng'wanone, kule kanisani wasisikie."

Ng'wanone maana yake mwanangu. Hajaniita hivyo tangu nilipomaliza shule. Kabla sijajibu, sauti ya daktari ikaja kutoka upande wa pili wa shuka, kwa Kisukuma cha sokoni, ikimwambia baba kwamba yeye huko Masumbwe hana hata wa kumsalimia, sembuse wa kumpa umbeya. Baba alifungua jicho moja. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona akikaribia kutabasamu.

Lakini daktari hakuwa anatabasamu. Niliporudi kwenye kamera alinieleza bila kuinua uso: chale hazithibitishi kwamba saratani haimo. Mtoki ule huenda uliletwa na usaha, huenda uliletwa na hii. Masizi yanaweza kuwemo, saratani nayo ikawemo humo humo, na kwa macho yake hawezi kutofautisha weusi na weusi. Kuipima hapohapo hatukuwa na namna, vipande vinasafirishwa. Akiziacha nyingine na kumbe ni saratani, amempa muda wa kusambaa. Akizitoa na kumbe ni masizi, tumetengeneza mguu mwingine kama ule wa Samuye.

"Zima taa," akasema tena. "Nitafutie kinachowaka."

Nikapandisha nguvu ya kamera mpaka mwisho. Ukungu, nukta, kiza. Alichukua kifuniko safi cha plastiki akakandamiza nyama kando ya ile tezi nyeusi, ili mwanga uliozama upate kupanda. Hakuna kitu. Akasogea kidogo. Hakuna kitu. Akakandamiza tena, ndani zaidi, upande wa paja.

"Hapo," nikasema. "Usiondoe mkono."

Nyuma ya ile nyeusi, chini yake, kulikuwa na doa dogo la mwanga, hafifu, lakini limetulia mahali pake. Uzi haukuwa umekomea kwenye masizi, ulikuwa umepita chini yake. Daktari aliifuata ile ya pili kizani kwa kutazama skrini yangu, na mimi nikimwambia kulia, kushoto, shuka. Akatoa hiyo na ile nyeusi. Kisha mkono wake ukasimama na nyuzi za kushonea, akiwaza. Akaziacha tezi zilizobaki, akashona kinena, akalikata doa la unyayoni kwa upana unaotakiwa, akamaliza.

Majibu yangechukua wiki tatu. Baba akakaa kwangu, mguu juu ya mto, na katika wiki hizo tatu hatukuzungumza zaidi ya salamu ya mwangaluka asubuhi na chakula kiko tayari. Mimi nilipewa barua ya onyo na nikaondolewa kwenye fomu zote. Sikubisha. Kila siku nilihesabu vidole vyake vya mguu kwa jicho nilipompa chai, nikiangalia kama vimevimba, ingawa nilijua hakuna sababu ya kuvimba bado. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, kwa muuza maziwa, kwa mwenye nyumba. Nikilala naota vyuma kwenye trei.

Daktari alituita Jumanne. Baba alivaa suti. Tulipoketi, daktari alisoma karatasi yote kimya kwanza, na nilimchukia kwa kusoma taratibu. Kisha akasema ile nyeusi ni masizi matupu. Ile iliyowaka ni safi. Kingo za nyama iliyokatwa unyayoni ni safi. Atarudi kila miezi mitatu aangaliwe, maana ugonjwa huu hauaminiki.

Nililia pale pale, mbele ya mkubwa wangu wa kazi na mbele ya baba yangu, kwa sauti ya kuudhi. Hakuna aliyenizuia.

Nje tulikaa kwenye benchi, magongo yake katikati yetu. Alikuwa akitazama watu wanaosubiri dirisha la dawa.

"Siku ile ya karatasi," akasema, "ungeniuliza, ningekwambia hapana."

"Najua, baba."

"Nawe ungeandika hapana. Kwa hiyo ni yale yale. Usijitese."

Alikuwa ananisamehe, na ningeweza kuupokea msamaha ule nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimeshachoka kunyamaza. Nikamwambia si yale yale. Angesema hapana, angepelekwa nyuma ya pazia, muuguzi angeziona, na siku ya Alhamisi kila mtu chumbani angejua. Tulijua wagonjwa watadanganya. Tuliwawekea kisanduku. Hatukumwekea kisanduku mtu anayejaza fomu.

Baba alifikiri. "Basi uongo wako ulikuwa mbaya kuliko wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akachukua magongo yake, na tangu siku ile hatujalirudia.

Masumbwe sijui alisema nini. Shangazi aliniambia kwa simu kwamba kaka yake hasomi tena majina, anamwachia mwingine, na watu wanadhani ni macho.

Aliporudi kwa mara ya tatu, mwezi uliopita, tulikuwa na mzee mmoja mgumu. Alikuwa na doa unyayoni, amejibu hapana kwenye la saba, na amekataa katakata kwenda nyuma ya pazia. Muuguzi ni rika la wajukuu zake. Mimi nimesimama mlangoni, mwanamke. Mzee amekumbatia kofia yake tumboni, amegoma. Daktari alikuwa anaangalia saa.

Baba, aliyekuwa akingoja zamu yake, aliinuka bila kuombwa. Sasa anatumia fimbo tu. Akamsogelea yule mzee, wakasalimiana kwa Kisukuma kirefu, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mhola, mhola tu, yaani salama. Kisha akamshika mkono, wakaingia wote wawili nyuma ya pazia. Tulisikia mkanda ukifunguliwa. Baada ya kimya tukasikia mkanda wa pili.

Alitoka akichomekea shati, hakumtazama mtu usoni.

"Andika ndiyo," akamwambia muuguzi. "Kulia. Mistari mitatu."

Muuguzi akaandika. Mimi siruhusiwi tena kugusa fomu, kwa hiyo nilikwenda kuwasha kamera.